Nyumba na Bustani kwa Mujibu wa Ramani

Wenye nyumba na wapangaji, wanaosoma na wanaosomewa, wote mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, nyumba ya paa bapa iliyo nyuma ya Idara ya Kuhifadhi Majengo si nyumba tena. Ni Hazina ya Taifa, Daraja la Kwanza, pamoja na bustani yake. Itarudishwa kama ilivyochorwa na mchoraji wake wa asili, bila kupunguza wala kuongeza. Kila kisichokuwemo kwenye ramani kitabomolewa ndani ya siku saba na yule aliyekiweka.

Tangazo hilo lilibandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa matofali ya matundu wa nyumba hiyohiyo, ukuta ambao, kwa mujibu wa kifungu cha pili cha tangazo lenyewe, ni marufuku kubandikwa kitu chochote. Lakini tangazo lilikuwa na mhuri, na kitu chenye mhuri hakihesabiki kuwa kitu.

Aliyeliandika ni Mkurugenzi wa Idara kwa mkono wake mwenyewe. Lilimchukua wiki tatu. Alilitia vifungu kumi, ingawa sita vingetosha, kwa sababu kumi ni namba yenye heshima zake. Kifungu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Tisa: “Hakuna msamaha, kwa mtu yeyote, wa cheo chochote.” Alikisoma kwa sauti ofisini, mlango umefungwa, mara mbili, na mwili ukamsisimka. Cha Kumi kilisema kwamba mchoraji wa asili peke yake ndiye awezaye kuongeza mstari kwenye ramani. Hicho alikiweka kama pambo tu, maana faili la Idara lilisema wazi kwamba mchoraji huyo ni marehemu.

Na tusimwonee mtu, jamani. Mkurugenzi aliipenda ile nyumba kwa dhati. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiitazama kutoka dirisha la ofisi yake, ghorofa ya kwanza, chai mkononi, mafaili yakimngoja. Ilijengwa miaka sitini iliyopita, enzi watu walipoamini kwamba kesho itakuja na vioo vingi. Paa lake lilikuwa bapa na jembamba, limekaa juu ya nguzo za chuma kana kwamba limetua kupumzika kidogo. Sebule ilikuwa kioo kitupu upande wa bustani, toka sakafuni hadi darini. Sakafu yenyewe ilikuwa terazo, chembe nyeupe na za kijani, inang'aa mpaka unaona aibu kuingia na viatu. Makabati yalijengwa ndani ya kuta, milango yake ikiteleza bila kupiga kelele. Nje, ngazi tatu za zege zilining'inia hewani kushuka bustanini, na chini yake kulikuwa na njia ya mawe bapa, bwawa la mstatili lenye mafunjo, kisha nyasi, kisha ukuta wa Idara.

Ripoti ya Idara ilisema nyumba imedumu hivyo “kutokana na uangalizi wa karibu wa Idara”. Kwa kweli uangalizi ulikuwa wa karibu, kwa kuwa dirisha lilikuwa karibu. Kazi nyinginezo, kama vile kupiga deki, kupaka nta, kuziba nyufa na kufukuza mchwa, zilifanywa na Mama Mkunga.

Mama Mkunga alikuwa mkunga mstaafu wa hospitali ya mji. Alikuwa na miaka themanini na mbili na magoti mawili yaliyokuwa na maoni tofauti kuhusu kila safari. Aliishi pale na mumewe, Mzee Rula, ambaye miaka miwili nyuma alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu vilevile, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mpwa wao, fundi wa zege, alikuja akajenga mteremko wa saruji juu ya zile ngazi tatu, akautia bomba la kushikilia, na tangu hapo kila siku saa moja asubuhi Mama Mkunga alimshusha mumewe kwa kiti cha magurudumu hadi kando ya bwawa. Hapo Mzee alikaa hadi jua lipande, akiitazama nyumba yake kwa jicho la kuikagua.

Basi Jumatatu Mkurugenzi aliingia na Afisa Vipimo, mwanamume mwaminifu mno aliyekuwa na futi ya chuma mfukoni na hakujua kudanganya hata sentimita. Walipima. Walipomaliza, Mkurugenzi alisoma orodha ya vitu haramu.

“Kamba ya kuanikia nguo, haimo kwenye ramani. Kengele ya mlango, haimo. Ndoo mbili. Paka mmoja, rangi ya majivu, hayumo.”

“Paka naye achorwe?” Mama Mkunga aliuliza.

“Kila kisichokuwemo, mama.” Mkurugenzi akamwandikia paka notisi ya siku saba na kuiweka mbele yake. Paka aliinusa, akaikalia.

“Na mwisho, kizuizi cha saruji kilichofunika ngazi za asili. Chenye bomba.”

Mama Mkunga aliacha kutabasamu.

“Huo ndio mteremko wa mume wangu.”

“Utabomolewa Jumatatu ijayo na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa nyundo yenye utepe. Ni heshima kubwa, mama. Si kila mteremko unabomolewa na Waziri.”

“Sikiliza, mwanangu. Mimi sina nguvu ya kumbeba. Bila huo mteremko, huyu mzee ataliona bwawa lake kwa nyuma ya kioo mpaka siku anakufa. Asubuhi ndiyo furaha pekee iliyombakia. Mnataka kumnyang'anya?”

Mkurugenzi aliona uchungu kidogo kifuani, akaumeza. Uongozi ni kumeza. “Sheria ni msumeno, mama. Hukata mbele na nyuma.”

“Haya. Ngoja basi nikusomee msumeno wako.” Akavaa miwani, akausogelea ukuta. “Kifungu cha Kumi. Mchoraji wa asili peke yake anaweza kuongeza mstari. Si ndivyo? Mchoraji ndiye huyo hapo kitini. Mpe penseli, auongeze mteremko, tumalize, nikawachemshie chai.”

Mkurugenzi alimtazama Mzee Rula. Kwa miezi yote aliyokuwa akipita pale na wageni wa Idara, alimhesabu kuwa mgonjwa wa nyumba, mtu wa kuzungukwa kwa heshima, kama kabati. Akafungua faili.

“Mchoraji wa nyumba hii ni marehemu, mama.”

“Marehemu? Si huyo anakunywa uji!”

“Nyumbani anaweza akanywa uji. Kiofisi ni marehemu tangu ukurasa wa nne.”

“Nani kaandika?”

“Faili haliandikwi na mtu, mama. Faili linaandikwa na Idara.”

Mzee Rula aliinua kichwa. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. “Pole,” alisema. Haikueleweka alikuwa akimpa nani.

Mama Mkunga alishika kiuno. “Wewe nakujua. Mimi ndiye niliyekupokea, wodi ile ya zamani. Wenzio wanatanguliza kichwa, wewe ukatanguliza makalio. Kwa saa saba nilihangaika nawe. Naona hujabadilika, kila mahali bado unaingia kinyumenyume.”

Afisa Vipimo alikohoa kwa muda mrefu. Mkurugenzi aliagiza kwamba kikohozi hicho kisiingizwe kwenye kumbukumbu.

Sasa, ofisini, Afisa Vipimo aligundua jambo. Ramani ya nyumba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuta na paa, ya pili milango na makabati. Lakini pembeni, kwa mwandiko mzuri, ilisomeka “karatasi ya pili kati ya tatu”.

“Ya tatu ndiyo ya bustani, mkubwa,” alisema. “Hatuna.”

Hapo ndipo Mkurugenzi alipopandwa na ari, na ari ya mkurugenzi ni kitu cha kuogopwa. Hazina bila karatasi ya tatu! Waziri anakuja, waandishi wa habari wanakuja! Aliandika barua yenye wino mwekundu ya kuidai karatasi hiyo, akaipeleka mwenyewe, maana kutoka ofisini kwake hadi mlango wa Mama Mkunga ni mwendo wa kumaliza pipi moja.

Mama Mkunga aliisoma barua hadi mwisho. Akamtazama kijana wake wa kinyumenyume kwa huruma.

“Hiyo ya tatu iacheni.”

“Kwa nini, mama?”

“Haitawafaa.”

“Idara ndiyo inayojua kinachoifaa Idara.”

“Mwanangu, nakwambia kama mama. Chukueni kamba, chukueni kengele. Mniachie mteremko, nami karatasi nitaiacha palepale ilipo, juu ya kabati. Kila mtu alale usingizi.”

“Hayo ni mashauriano ya kando,” Mkurugenzi alisema kwa ukali uliomfurahisha mwenyewe. “Karatasi hiyo itafunguliwa mbele ya Waziri na isomwe kwa sauti, neno kwa neno.”

“Kwa sauti?”

“Kwa kipaza sauti.”

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya kukoroma ya Mzee Rula. Mkurugenzi alidhani mzee amelala. Mama Mkunga, aliyekaa naye miaka hamsini na minane, alijua anacheka.

Jumatatu ikafika, na jua lake. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye nyasi. Kamba ya nguo ilikuwa imeng'olewa, kengele vilevile, kwa hiyo wageni walisimama mlangoni wakipiga makofi. Paka, ambaye muda wake uliisha saa mbili kamili, alikuwa amelala juu ya kiti cha Waziri. Mzee Rula alikuwa pale juu barazani, kwenye kichwa cha mteremko, amevaa koti. Siku hiyo hakushushwa. Askari wawili walisimama mbele ya bomba, na nyundo ya utepe ilikuwa imelala kwenye mto wa kitambaa. Mama Mkunga alishika kiti cha mumewe. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu pia, maana nyundo haijui mchezo.

Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini. Alisema uhifadhi ni upendo. Alisema ramani ni agano. Alipofika kwenye Kifungu cha Tisa alikisoma taratibu, na Waziri, aliyekuwa amekubali kukaa kiti cha pili ili asimsumbue paka, alipiga makofi.

“Na sasa, kabla ya nyundo,” Mkurugenzi alisema, “itafunguliwa karatasi namba tatu.”

Mama Mkunga aliitoa chini ya kwapa. “Kwa mara ya mwisho, mwanangu.”

“Ifunguliwe!”

Afisa Vipimo aliitandaza mezani, akaikandamiza kwa mawe, akashika kipaza sauti. Alisoma kama alivyofundishwa, bila kuruka.

“Ngazi tatu. Njia ya mawe. Bwawa, futi kumi na mbili kwa thelathini. Mafunjo. Nyasi.” Akasogeza kidole. “Nyasi zinaendelea. Mstari wa miti ya maua ya zambarau, sita. Kitalu cha mboga. Banda la zana. Lundo la mboji. Mwisho wa bustani: barabara ya posta.”

Wageni wakageuza shingo kutazama barabara ya posta. Hawakuiona. Mbele yake kulikuwa na jengo la ghorofa moja, rangi ya maziwa yaliyochacha, lenye bendera.

Waziri alikuwa mtu wa maswali mafupi. “Lile jengo limo kwenye ramani?”

“Halimo, Mheshimiwa,” alisema Afisa Vipimo, bado kwa kipaza sauti.

“Ni la nani?”

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini mwaminifu alikuwa ameshajibu. “Letu.”

“Liko juu ya nini?”

Afisa Vipimo alitoa futi yake, akapima, akapiga hesabu, akapima tena kwa kuwa hakutaka kumwonea mtu. “Juu ya miti, mboga na banda, Mheshimiwa. Upande wa mashariki liko juu ya mboji. Meza ya Mkurugenzi, hasa, ipo katikati ya lundo.”

Kulitokea kicheko upande wa waandishi wa habari.

“Walikuja miaka arobaini iliyopita,” Mama Mkunga alieleza, bila kelele. “Wakasema wanaazima kona ya chini miezi sita, waweke mabati. Mume wangu akasema chukueni, serikali ni yetu sote. Basi miezi sita yenyewe ndiyo hii, bado inaendelea. Ndiyo maana nikasema karatasi iacheni. Sikutaka muaibike mbele ya wageni.”

Waziri alimgeukia Mkurugenzi. “Siku saba zinaisha lini?”

“Leo, Mheshimiwa.”

“Nani anabomoa?”

“Yule aliyekiweka.”

“Hakuna msamaha?”

“Hakuna, Mheshimiwa. Kwa mtu yeyote.” Alilitazama tangazo ukutani. “Wa cheo chochote.”

“Nani aliandika upuuzi huo?”

“Mimi. Nilitaka liwe na uzito.”

Waziri alizitazama kamera, na kamera zikamtazama. Sahihi yake ilikuwa ukutani, futi tano kutoka pale, chini ya mhuri. “Tafuta mlango wa kutokea,” alinong'ona. “Sasa hivi.”

Mkurugenzi aliinua macho polepole hadi barazani. “Upo Kifungu cha Kumi,” alisema. “Mchoraji wa asili anaweza kuongeza mstari.”

“Yuko wapi?”

Hapakuwa na jinsi. Mkurugenzi alivuta hewa, akasimama wima, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. “Ndugu wananchi. Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba mzee huyu yu hai. Uhai wake unaanza saa nne na dakika ishirini, na unarudi nyuma hadi ukurasa wa nne.”

Watu walipiga makofi mengi kuliko ya hotuba. Mama Mkunga alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akicheka na kulia pamoja. “Hongera, baba,” alimwambia mumewe. “Umezaliwa. Safari hii nimesaidiwa na Mkurugenzi.”

Askari wakasogea. Mzee Rula akashushwa kwa mteremko wake hadi mezani. Afisa Vipimo alimpa penseli, naye akaipokea kwa mkono wa kushoto, mkono ambao maishani haukuwahi kuchora. Penseli ilitetemeka hewani, ikagusa karatasi, ikatulia. Mstari ulitoka polepole mno, toka baraza hadi njia ya mawe, kisha wa pili pembeni yake, kisha bomba. Afisa Vipimo aliweka futi juu yake, akavua kofia.

“Umenyooka,” alisema. “Kabisa.”

Mzee hakuinua kichwa. Akachora kamba ya nguo. Akachora kengele. Kisha, kwenye kiti kidogo alichokichora mbele ya bwawa, akatia duara lenye masikio mawili na mkia.

“Paka,” alisema.

Waziri alikubali kwa kichwa, na nyundo ikaondolewa pamoja na mto wake.

Mkurugenzi alipiga magoti kwenye nyasi, suruali ya sherehe na yote. Hakuwa akiigiza. Kwa mara ya kwanza alimtazama mzee usoni kwa karibu, akaona kwamba yale macho aliyoyapita miezi yote yalikuwa yakimsoma mstari kwa mstari, na aibu ikamshuka hadi kwenye soksi.

“Nisamehe, baba,” alisema. “Nilikuwa nakupita kama samani. Nimekosa.” Akageuka kulitazama jengo la Idara. “Na, baba... lile jengo. Tuna wafanyakazi thelathini na wanane. Ni mistari minne tu. Hata mitatu, nitaegemeza upande mmoja.”

Mzee Rula aliitazama karatasi, palipoandikwa mboji. Akalitazama jengo, bendera yake, dirisha la ghorofa ya kwanza. Alilitazama kwa muda wa kutosha kabisa kulichora lote. Kisha akaiweka penseli kwenye mfuko wa koti.

“Kesho,” alisema.

Kesho yake saa moja asubuhi Mkurugenzi alikuwa mlangoni, ameshanyoa. Kengele ilikuwa imerudishwa, akaipiga. Mama Mkunga alimwambia mzee haongei kabla hajafika bwawani, na magoti yake mwenyewe leo yamegoma, kwa hiyo kama hatojali, amshushe yeye. Mkurugenzi hakujali. Alikishika kiti, akakishusha kwenye mteremko, taratibu, kinyumenyume, kama alivyoelekezwa, ili mzee asiteleze. Kando ya bwawa alitandaza karatasi namba tatu na kusubiri kwa adabu.

Amri ya kubomoa haikufutwa, haiwezi kufutwa, Kifungu cha Tisa hakiruhusu. Imesimamishwa tu, mchoraji akiwa bado anatafakari. Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Saa moja juu ya alama, mvua au jua, Mkurugenzi hufika, hupiga deki kidogo kama sakafu ina matope, humshusha mzee, humfunika miguu. Mzee Rula hutoa penseli mfukoni, huilamba ncha, huitazama karatasi, hulitazama jengo, kisha huitazama mikono ya Mkurugenzi, ambayo siku hizi imeanza kuota sugu.

“Kesho,” husema.

“Sawa, baba,” husema Mkurugenzi, na kumsogezea kiti kivulini.